Mbwa Aliyekaa Eda

Pale soko la Mwanjelwa wananijua kwa mdomo. Ninauza vitenge na mashuka, na mteja akiuliza bei mara ya tatu bila kufungua pochi namwambia aende akamuulize aliyefuma. Wabeba mizigo wakifika karibu na kizimba changu wanashusha magunia mabegani na kuyakumbatia, maana wanajua gunia likigusa kitambaa watakachokisikia. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ameoa redio isiyo na swichi. Yeye alikuwa mpole, mtu wa kusema neno moja na kurudi kwenye kikombe chake cha kahawa.

Siku alipoanguka dukani kwake, akafikishwa hospitali ameshakata roho, ndugu walijipanga kunishika. Walidhani nitang'oa paa kwa kilio. Sikulia. Niliuliza kama duka limefungwa. Wakasema limefungwa. Nikasema haya.

Neno hilo ndilo lililobaki kinywani mwangu. Mtu aliyewahi kung'olewa jino atanielewa: ile sindano ya ganzi, mdomo unao lakini si wako, ukijing'ata hujui. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Watu walileta mchele, sukari, pole na dua, nikasema haya. Wengine walikaa na mimi kimya, nikasema haya kwa ukimya wao pia.

Dini yetu inamweka mjane eda, miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki nje ya nyumba yake bila dharura. Wanawake wenzangu wengi huona eda ni ndefu. Mimi ningeambiwa nikae miaka ningekaa. Kizimba nilikifunga, nikaketi chumbani kwenye dirisha linalotazama uani, ambako kuna bomba la maji, kamba ya nguo, stoo ya jikoni na banda la kuku lililokuwa halina kuku.

Mama mkwe, mama yake marehemu, alikuwa ametoka Iringa kuja kutuhani, akabaki kunisaidia watoto. Nina wawili: binti aliyekuwa darasa la nne na mdogo wake wa kiume aliyekuwa chekechea. Alasiri moja watoto wako madrasa, mama mkwe ameenda sokoni, mimi nimejilaza kitandani, nikasikia mtu anaruka ukuta. Kisha mwingine. Nikasikia kufuli la stoo linavunjwa. Nikawaza: wanachukua mtungi wa gesi. Nikasikia kengele ya baiskeli ya binti yangu ikilia kidogo, nikawaza: na baiskeli. Wakatoka kwa geti, taratibu, kama watu waliotumwa. Mimi niko kitandani naangalia dari.

Mama mkwe aliporudi na kuona mlango wa stoo uko wazi, alikuja akasimama mlangoni kwangu na kapu lake bado mkononi.

"Hukusikia kitu?"

"Nilisikia."

"Na hukupiga kelele?"

"Hapana, mama."

Hakunigombeza, na kusema kweli nilitamani anigombeze, ingekuwa angalau ni kitu. Jioni ile alifungua kabati la mwanawe, akatoa makubadhi yake ya ngozi, yale aliyokuwa akiyavaa Ijumaa, akayafuta vumbi kwa upande wa khanga yake, akayaweka mlangoni nje, yote mawili yakitazama ndani. Ni desturi inayojulikana. Mwanamke anayeishi peke yake huweka viatu vya mwanaume mlangoni ili mpita njia ajue mwenyewe yumo. "Yasiguswe," aliwaambia watoto. Kabla ya kurudi Iringa alikaa pembeni ya kitanda changu akaniambia kwamba eda ikiisha atakuja kuwachukua wajukuu zake, wakakae kwake na kusoma huko. Alisema nyumba hii haina mtu.

"Haya, mama," nikasema.

Binti yangu alikuwa korido. Alisikia. Tangu siku ile alianza kuniangalia kama mtu anayemdai mwenzake na kuona aibu kumwambia.

Aliyeleta habari za mbwa ni mdogo wangu, dereva wa lori la mbao linalotoka Mufindi. Yeye hajui kukaa na tatizo, lazima alipigilie msumari. Asubuhi moja aliegesha lori nje, akaingia uani na kreti la soda lililofunikwa kipande cha turubai, akalitua chini ya dirisha langu. Ndani kulikuwa na mtoto wa mbwa. Mbwa wa kizungu, rotwaila, mweusi, mwenye madoa ya kahawia juu ya macho na kifuani. Alikuwa wa miezi miwili tu, lakini miguu yake ilikuwa mikubwa kama kijana aliyevaa viatu vya kaka yake. Mdogo wangu alimpata Igowole, kwa mtu mwenye shamba la miti.

"Dada, mama mkwe si anasema nyumba haina mlinzi? Mlinzi huyu hapa. Mama yake nimemuona, ana kichwa kama ndoo. Akikua huyu, mtu akiruka huo ukuta atarudi nusu. Na huyo mama hatakuwa na sababu ya kuchukua watoto."

"Haya."

"Haya unamtaka, au haya nimrudishe?"

"Haya tu."

Akashika kiuno. Nadhani alikuwa anasubiri nimtukane. Zamani ningemuuliza kama Igowole nzima walikosa viazi vya kuniletea mpaka waniletee mbwa, mimi Mwislamu mwenye watoto wa madrasa. Alisubiri, hakikuja kitu, akaenda kunywa chai.

Ustadh wa watoto alipoulizwa alisema mbwa wa ulinzi hana ubaya, mradi akae nje. Ubaya uko kwenye mate na unyevu wake. Hiyo ni najisi nzito, ikimgusa mtu au nguo inaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Basi binti yangu akajaza udongo safi kwenye kopo la maziwa, akaliweka bombani. Nilimuona kupitia dirisha akiliweka kwa uangalifu, kama mtu anayepanga vyombo vya mgeni. Ndipo nilipojua kwamba huyu mtoto ameshaamua.

Jirani yangu, bibi wa Kinyakyusa wa geti la pili, ndiye mwenye mbwa anayeogopwa mtaa mzima. Alikuja kumtazama huyu wetu, akamgeuzageuza kama anayechagua jogoo, kisha akanipa somo. "Mwanangu, mbwa wa ulinzi hachekewi. Mfungie gizani mchana kutwa, asione watu, asishikwe na watoto. Akishamjua kila mtu, mwizi naye atakuwa mtu wake." Hakusema jambo geni. Mtaani kwetu ndivyo tunavyofanya karibu wote. Mbwa anashinda kwenye kibanda cha bati, anatolewa giza likiingia, na ukali anaoupata humo ndani tunausifu kwa wageni. Mdogo wangu akaziba nyufa za banda la kuku kwa mabati, akaacha tundu la hewa kwa juu. Mtoto wa mbwa akaingizwa. Watoto wakakatazwa.

Alilia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haikulingana kabisa na ile miguu. Mwanangu mdogo alikuja akapanda kitandani kwangu.

"Mama, amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa mbona amefungwa?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Akafikiri. Akaniangalia mimi, akaangalia dirisha, akaangalia kitanda.

"Kama wewe?"

Nikamwambia aende akanawe mikono, chakula kiko tayari. Chakula hakikuwa tayari.

Ikawa hivyo kwa kitambo. Asubuhi binti yangu alimsukumia ugali wa dagaa kwa chini ya mlango, jioni mdogo wangu kama yupo mjini, au bibi jirani, alimfungulia na kumfunga tena. Bwana mifugo alikuja kumchoma chanjo, akasema ni mbwa mzuri lakini macho yake hayana uchangamfu. Mimi nilikuwa dirishani mwangu. Baridi ya Mbeya ilikuwa imeingia, nimejifunga shuka mbili, na kitu pekee nilichokuwa nikikisikia mchana kutwa ni yule mbwa akilia. Kisha siku moja sikumsikia. Wala siku ya pili yake. Bibi jirani alipokuja nikamuuliza kama ni mgonjwa. Akaweka sikio kwenye bati, akanirudia ameridhika.

"Mzima. Ameshazoea."

Sasa neno hilo lilikuwa limesemwa ndani ya nyumba ileile siku chache tu nyuma. Shangazi mmoja alikuwa anaongea na simu sebuleni, anaeleza hali yangu kwa watu wa mbali, nikamsikia anasema, "Hajambo, hajambo kabisa. Ameshazoea." Nilikuwa kitandani naangalia dari. Sikuwa nimezoea chochote. Nilikuwa nimenyamaza tu.

Sikupata uchungu, wala huruma. Niseme ukweli, sikupata kitu. Miguu ilishuka kitandani yenyewe. Uani ni ndani ya nyumba yangu, eda hainizuii. Nikatoka na shuka zangu, nikaondoa jiwe lililozuia mlango wa banda, nikaufungua mpaka mwisho.

Hakutoka. Alikuwa ameketi kwenye kona ya nyuma kabisa, kichwa kimeinama kidogo, akanitazama bila kutikisa hata mkia. Mlango uko wazi, jua linaingia mpaka kwenye kucha zake, naye amekaa. Nikavuta kigoda cha kufulia, nikakaa nje ya mlango. Sikumwita. Nilijua habari za kuitwa, nilikuwa nimeitwa na watu wengi na wote walikuwa na nia njema. Tukakaa hivyo, yeye ndani na mimi nje, mpaka adhana ya alasiri, mpaka watoto wakarudi shule. Binti yangu alitupa begi, akasimama. Mdogo wake hakusimama, alipita kando yangu moja kwa moja akaingia bandani, akakaa kwenye majani karibu na mbwa, akaanza kumsimulia mambo ya chekechea: nani kamchapa nani, nani kajikojolea. Mbwa akamnusa sikio. Halafu akalilamba.

"Kanawe," dada yake akamwambia. "Mara saba."

Hapo ndipo mwanangu alipojifunza kuhesabu vizuri, pale bombani. Moja kwa udongo, nyingine kwa maji. Akifika tano mbwa anamlamba tena, anarudi moja. Kopo la udongo lilikuwa likijazwa kila mara. Nguo za kuswalia tulizihamishia chumba cha ndani, za kuchezea zikawa zao na mbwa. Jina walimpa, wakagombana juu yake kwanza, mimi nilimwita mbwa tu.

Mlango wa banda haukufungwa tena mchana. Bibi jirani alisikitika. "Umemharibu, mwanangu," alisema, akamtazama mbwa aliyekuwa amelala chali, anakunwa tumbo na mwanangu kwa kijiti. "Huyu si mlinzi tena, huyu ni mjukuu." Na kweli. Alikua upesi, akawa na kifua kama meza, lakini roho ilibaki ya kreti la soda. Msoma mita wa maji alipiga hodi akapokewa kama bwana harusi. Muuza mchicha alikaliwa miguu. Siku moja alimkimbilia mwanangu kwa furaha akamwangusha kwenye saruji, mdomo ukapasuka. Nilimfuta damu kama ninayefuta meza. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mama, mimi naumwa," maana kwa uso wangu alidhani sijajua.

Mdogo wangu, safari zake zilipompitisha mjini, akaanza kuwafundisha watoto namna ya kumshika: asirukie, akae kwanza ndipo ale, mtoto asimsogelee akiwa na sahani yake, na mdogo asibaki naye peke yake hata kidogo. Binti yangu alishika mafunzo yale kuliko hesabu za shule. Lakini yeye alikuwa na lake. Jioni alikuwa akimtoa mdogo wake nje ya geti, anamwambia agonge, halafu anachutama karibu na mbwa na kumwambia, "Bweka." Mdogo anagonga. Mbwa anatikisa mkia, maana anajua nani anagonga. "Bweka, mjinga wewe, Bibi anakuja." Anabweka yeye mwenyewe kumwonyesha. Mbwa anamlamba uso. Anakwenda bombani, anahesabu mpaka saba, anarudi, wanaanza upya.

Nilikuwa nawatazama. Nilijua kabisa anachofanya. Alijua eda inakwisha lini kuliko mimi. Alijua akifika Bibi akakuta nyumba haina mlinzi, wao wanapanda basi la Iringa, na alijua mama yake atasema haya. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitafuta kitu chenyewe ndani yangu, kama mtu anayepapasa swichi ukutani kwenye nyumba ngeni. Jioni ikaingia, nikawaambia waje kula.

Mama mkwe alifika siku eda ilipotimia. Mbwa alikuwa mlangoni. Binti yangu alisimama nyuma yake, mikono imekunjwa ngumi, midomo inasema bila sauti: bweka. Geti likafunguliwa. Mbwa aliinuka, akaenda polepole na kichwa chake kile, mama mkwe akasimama palepale ameshika baibui lake lisigusike, na mbwa akamzunguka mara moja, akanusa kapu, akaketi mbele yake na kuinua mguu kumpa mkono.

"Ndiye mlinzi wenu?" akauliza mama mkwe.

Binti yangu aliingia ndani.

Usiku ule mama mkwe alinisaidia kuoga na kubadilisha nguo, kama inavyofanywa, akaniombea dua. Mikono yake ilikuwa imekonda. Aliniambia nyumba yake Iringa imekuwa kimya sana, kwamba anapika chungu kidogo na bado kinabaki. Nikaelewa kwamba hakuja kuninyang'anya. Alikuja kwa sababu naye alikuwa na shimo lake, na alitaka kulijaza kwa kilichobaki cha mwanawe. Kumwelewa hakukunisaidia. Mtu unaweza kuelewa na bado ukasema haya.

Asubuhi nguo za watoto zilikuwa zimeshatiwa kwenye mabegi mawili. Mwanangu mdogo alikuwa anajaribu kuingiza kopo la udongo kwenye lake. Binti yangu amekaa juu ya begi, ananiangalia waziwazi sasa, hana aibu tena. Mama mkwe anafunga khanga yake ya safari. Mimi nimesimama korido na kikombe cha chai, nasubiri kuona nitakachokifanya, kama ninavyosubiri maji yachemke.

Nikasikia kitu kinatafunwa.

Nilitoka mlangoni. Mbwa alikuwa amelala kwenye jua, kati ya miguu yake ameshika kubadhi la kulia la mume wangu, ameling'oa ukanda, sasa anashughulika na kisigino, polepole, macho yamefumba nusu. Alikuwa anaota meno makubwa wakati ule. Hatukuwa tumefikiria. Ngozi ilikuwa imelowa mate na mahali pa kidole gumba, pale palipokuwa na alama nyeusi ya kidole cha marehemu, hapakuwepo tena.

Kikombe kilianguka. Sijui nilianzia wapi. Najua nilimwita mbwa yule majina yote ninayoyajua, ya kwetu na ya sokoni na mengine ya wapiga debe wa stendi. Nilimwambia mwizi, mlafi, mla cha mwenyewe, kenge wa Igowole, nani kakuambia hivi ni vyako, unakula ugali wangu na dagaa wangu halafu huridhiki mpaka ule na viatu vya watu. Mbwa akaacha kutafuna. Nikamgeukia na mdogo wangu ambaye hata hakuwepo, na wezi waliochukua baiskeli ya mtoto, nikawaambia warudi sasa hivi kama wao ni wanaume. Geti la pili likafunguliwa, nikamwona bibi jirani anachungulia, naye nikamgawia lake. Sauti ilikuwa ikitoka yenyewe, kubwa, ileile. Nilikuwa nikiisikia na kushangaa.

"Mwenyewe akirudi nitamwambia nini?" nikamfokea mbwa. "Eh? Akirudi akauliza makubadhi yake, nitamwambia nini mimi?"

Hapo nikajisikia nilichokisema.

Nilikaa chini, palepale kwenye chai iliyomwagika. Nikalia. Sikulia vizuri kama wanavyolia wajane wengine, nililia kama mtu anayetapika. Inauma. Nilikuwa nimesahau kwamba inauma, na iliuma kila mahali kwa pamoja. Mbwa alikuja na kubadhi lake mdomoni, akaliweka mapajani kwangu, limelowa, akalala juu ya miguu yangu kwa uzito wake wote.

Nyuma yangu mlangoni nikasikia mwanangu mdogo anamwambia dada yake kwa sauti ya chini, "Mama anafoka."

"Nyamaza," dada yake akasema. "Muache afoke."

Nikafuta kamasi kwa upande wa khanga mpya niliyovishwa jana yake. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya wajukuu zake, khanga ya safari begani.

"Na watoto hawaendi Iringa," nikamwambia, kwa sauti ileile, maana nyingine sikuwa nayo. "Likizo watakuja. Kuondoka nyumbani kwao, hawaondoki. Nisamehe, mama, lakini hawaondoki."

Nilijua sijamjibu hivyo maisha yangu yote. Yeye alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akatazama geti la pili ambako bibi jirani alikuwa bado hajafunga mdomo.

"Nimesikia," akasema. "Mtaa mzima umesikia." Kisha akaketi kwenye ngazi, polepole, akishikilia goti. "Siku ile ya wezi niliogopa. Nikasema nyumba hii haina mtu. Si mwanangu niliyekuwa namsema."

Alinyoosha mkono akalichukua kubadhi mapajani kwangu kwa vidole viwili, mate na yote. Akaenda nalo bombani. Mwanangu akamfuata na kopo la udongo, akasimama pembeni na kumhesabia kwa sauti, na alipofika saba alimwambia, "Basi, Bibi, umeshatoharika." Yeye aliendelea kuliosha. Aliliosha mpaka maji yakawa meupe, akipitisha kidole pale palipokuwa na alama ya kidole, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Tulimuacha.

Aliondoka kwa basi la mchana. Alikuwa amekuja kuchukua wajukuu wawili. Alipofunga kapu lake niliona ndani yake, limefungwa kwenye khanga, kubadhi la kushoto, lile zima.

Lililotafunwa tuko nalo. Liko mlangoni, halina ukanda wala kisigino, na hakuna mwizi duniani atakayelitazama akadhani mwenyewe yumo. Binti yangu aliuliza kama tulitupe. Nikamwambia akithubutu kuligusa atanitambua. Mbwa amelala kando yake.